Vakansi kambini: jamaa ya mchimbaji ilale chini ya nini?

Masomo yanafungwa mwanzo wa mwezi wa saba, na kila mwaka mambo ni yale yale. Baba iko kambini, upande wa Banalia ao wa Bafwasende, anatafuta dhahabu ao diama tangu miezi mingi. Mama amebaki Mangobo ao Kabondo pamoja na watoto. Vakansi ikifika, watoto wanataka kumuona baba yao, na mama naye, tuseme kweli, anataka kuona ile feza inapita wapi. Anafunga mizigo, anatafuta pikipiki ao nafasi juu ya lori, na swali lililopashwa kuwa la kwanza linakuja la mwisho: kule, tutalala chini ya nini?

Mara nyingi jibu ni fupi: PDG atatoa bashi. Katika kazi ya sendika nimelala chini ya bashi nyingi za maPDG, na nimesikia mabishano juu ya bashi karibu sawa na yale ya juu ya dhahabu. Ndiyo maana leo tuzungumze nyumba ya kambini: upana gani unatosha jamaa, bashi gani inafaa, hema la dukani linafaa nani, na ile nyumba ni mali ya nani. Swali hili la mwisho kwangu linapita yote. Lakini tuanze na mita.

Hapana, hata kabla ya mita kuko jambo moja: mahali. Sheria yetu ya migodi, ile ya 2002 iliyogeuzwa mwezi wa tatu 2018, haina mchezo na watoto katika kazi ya shimo. Serikali inapopima machimbo inayapa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Watoto ao mama wajawazito wakikutwa katika kazi ya chimbo, ni moja ya mambo yanayolipeleka kwenye nyekundu, na hapo mali ya wote inakosa njia halali ya kuuzwa. Kwa hiyo nyumba ya jamaa haijengwi ukingoni mwa shimo. Inajengwa kijijini, penye barabara, penye maji ya kunywa na mganga karibu, na baba ndiye anatembea kila jioni. Muombe nafasi kwa kapita ao shefu wa kijiji, na mjue mapema kama nafasi ile iko na bei yake. Baba atalalamika kwamba ni mbali. Alalamike. Mtoto anayelala pembeni ya shimo, kisha juma moja tayari anabeba mchanga, na mwezi wa tisa hataki tena kusikia habari ya masomo.

Sasa mita. Mashirika yanayosaidia waliokimbia vita iko na kipimo kinachoitwa Sphere: kila mtu apate nafasi ya kulala na kukaa ya mita za mraba 3.5, bila kuhesabu jikoni. Siyo utajiri. Ni mkeka mmoja, mzigo mmoja, na nafasi ya kupita bila kumkanyaga mwenzako. Jamaa ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, inahitaji basi mita 21. Andikeni ile hesabu juu ya karatasi kabla ya kwenda soko, juu muuzaji hatawafanyia.

Bashi inayojulikana zaidi ni ile ya mita 4 kwa 5. Watu wanaona mita 20 za mraba, wanafurahi: karibu jamaa nzima. Lakini bashi siyo sakafu, ni paa, na paa linainama. Ukiikunja katikati juu ya mti wa juu, kila upande unapata mita 2. Ukitaka maji yakimbie haraka, na kwetu inapashwa yakimbie haraka, miguu miwili ya paa isipitane zaidi ya mita 3. Kata tena sentimita 20 kila upande ili mvua isipige ukuta, na sentimita 30 kila mwisho wa nyumba. Unabaki na nyumba ya upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 4.4. Piga hesabu: ni mita 11 na kidogo. Watu watatu. Wengine watatu walale wapi?

Kwa watu sita nunueni bashi mbili za kipimo kile kile, muziweke zifuatane chini ya mti mmoja mrefu wa juu, moja ipande juu ya nyingine sentimita 50 pale zinapokutana, na ile ya juu iwe upande mvua inatokea. Hapo nyumba inapata urefu karibu mita 9, na mita 23 za mraba. Mnagawanya kwa kitambaa: wazazi huku, watoto kule. Nimeona watu wengine wanazipanga bashi mbili kwa upana, matuta mawili bega kwa bega. Ni kazi bure, maji yote yanakuja kulala katikati, na katikati ndipo mtoto analala.

Urefu wa kwenda juu nao unasahauliwa. Mti wa juu ufike mita 2 ao zaidi. Si juu ya baba mrefu tu. Ni juu ya chandarua. Chandarua kinapashwa kuning'inia, kisiguse uso wa mtoto, na mwisho wake uingie chini ya mkeka. Katika nyumba ya chini kinalala juu ya watu sawa shuka, na mbu anauma kupitia matundu. Malaria inaua watoto wetu kupita ajali zote za machimbo. Ukinunua bashi nzuri ukasahau chandarua, umefanya nusu ya kazi, na ni nusu ndogo.

Tuje sokoni. Bashi za rangi ya bulu, za machungwa, za kijani, ziko nyingi katika maduka ya Makiso, na kwa macho zinafanana. Hazifanani hata kidogo. Sisi watu wa dhahabu tunajua mizani, basi tuitumie. Bashi nzito ya kweli, ile ya namna mashirika yanatumia, iko na gramu karibu 200 kwa mita moja ya mraba. Ya mita 4 kwa 5 inapashwa kuwa na kilo 4 ao karibu yake. Ukiinua ukakuta kilo moja, ile ni ya kufunika mihogo siku mbili. Beba pia metre yako. Kuko bashi iliyoandikwa 4 kwa 5 na ukiipima unakosa sentimita 20 ao zaidi, kwa sababu kule kiwandani wanapima kabla ya kukunja ukingo.

Kisha ifungue mbele ya muuzaji, hata akinuna. Inua juu ya kichwa uangalie jua: ukiona tundu ndogondogo sawa nyota, iache. Vuta ukingo kwa mikono miwili. Angalia matundu ya kufungia kamba: yakiwa na chuma chepesi kilichobanwa juu ya plastiki tupu, upepo wa kwanza utayang'oa, yakiwa juu ya mkanda mzito ulioshonwa ao ulioyeyushwa pamoja na bashi, yatadumu. Mwisho mwaga maji kidogo katikati, fanya kibakuli, sugua kwa chini na kidole gumba. Kidole kikilowa, mnaagana na muuzaji kwa heshima.

Mtakuta pia bashi nyeupe zenye alama za mashirika. Tangu 2023, wakati wa mapigano ya Wambole na Walengola kule Lubunga, watu wengi walikimbilia upande huu wa mto na wengine wakalala chini ya bashi za namna ile. Mama aliyekimbia nyumba yake, akauza bashi ili apate unga, mimi simhukumu. Lakini mfanyabiashara mwenye bashi 20 za namna ile, mpya, bado zimekunjwa, hakuzipata kwa mama mwenye njaa. Yeye msimpe feza yenu.

Na hema? Kila mwaka kuna baba anayeona hema la kichina limepigwa picha nzuri juu ya mfuko: bwana, bibi, watoto wawili, wote wanacheka pembeni ya gari. Juu ya mfuko wameandika watu 4. Soma vipimo, acha picha. Mengi ya namna hiyo yako na sakafu ya karibu mita 2.1 kwa 2.4. Ni mita 5 za mraba. Watu wanne wanaingia, ndiyo, bega kwa bega, kama samaki wa Wagenia katika kitunga, na mizigo inabaki nje kwenye mvua. Kipimo changu ni chepesi: gawanya namba ya mfuko kwa mbili. La watu 4 ni la watu 2 na mizigo yao. Jamaa ya watu sita ingetafuta la watu 12, na lile ni vigumu kulipata hapa mjini.

Sisemi hema ni baya. Liko na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, nyoka na siafu wanakosa njia. Liko na nyavu ya mbu milangoni. Unalisimamisha kwa dakika chache bila kukata mti hata mmoja. Kwa mama anayepita usiku moja njiani na watoto wawili, ni kitu kizuri sana. Lakini likague. Liwe na mfuniko wa pili juu, uliotengana na kitambaa cha ndani, na ufike karibu na chini. Lile la kitambaa kimoja tu, usiku pumzi za watu zinageuka maji ndani yake, asubuhi mnaamka mmelowa na mnasema limetoboka, kumbe halijatoboka. Mara nyingi kuna namba ya maji, 1500 ao 3000: ni urefu wa maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kinavumilia kabla ya kupitisha. Kwetu tafuteni 3000 juu ya paa, na sakafu izidi hapo, maana magoti yanasukuma maji kutoka chini. Fimbo zake za fiba zinavunjika. Ombeni za akiba, na lisimamisheni kwanza hapa mjini, katika lupango, mlimwagie ndoo tatu za maji. Majirani watacheka. Kucheka kwao ni bure.

Lile hema kubwa la mashirika ni kitu kingine. Ndani liko na mita 16 za mraba, na pamoja na vyumba vidogo vya mbele na nyuma linafika 23. Lilipangwa kwa watu watano na mtu mzima anasimama wima ndani yake. Lakini uzito wake unazidi kilo 50. Banalia ni kilomita 128 toka hapa. Juu ya pikipiki, dereva, mama, mtoto mgongoni, sufuria, na kilo 50 tena? Bashi mbili nzito ni kilo 8. Ndiyo sababu kwa jamaa nyingi nasema bashi mbili na miti ya msitu, hema kwa mwenye gari.

Kujenga, wengi wenu munajua kunipita. Nitagusa tu yale ninayoona yanaharibika. Hapa kwetu hakuna mwezi bila mvua; mwezi wa sita na wa saba inapungua kidogo, mwezi wa nane inarudi na nguvu, kabla vakansi haijakwisha. Basi msidanganywe na siku tano za jua mkajenga bondeni, karibu na kijito. Chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, wa kina cha kiganja, na upate njia ya kutoka. Angalieni juu: mti mkavu ao tawi kubwa lililokufa linaanguka bila upepo, na limbali haliombi ruhusa. Choo kiwe mita 30 toka maji ya kunywa, upande wa chini. Vitanda vya miti ni bora kupita mkeka juu ya udongo.

Na juu ya bashi, wekeni majani ya mangongo. Wazee wetu waliezeka nayo nyumba nzima bila bashi, na hawakulowa. Leo vijana wanayaona kama kitu cha umaskini. Kumbe jua ndilo linaua plastiki: bashi nyepesi iliyobaki uchi juani inakuwa kavu, inapasuka kisha miezi michache. Chini ya mangongo inadumu zaidi, na saa sita za mchana nyumba haigeuki tanuru. Mabua yenye ncha yasielekee chini tu, yatatoboa.

Sasa moto. Mbabula ya makala haiingii ndani ya bashi iliyofungwa, hata mvua ikinyesha, hata mtoto akitetemeka. Makala yanayoonekana yamekwisha kuwaka vizuri, bila moshi, bado yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu wanalala hawaamki. Jikoni iwe na paa lake dogo, pembeni. Petroli ya motopompe nayo isilale na watu.

Halafu kuko zebaki, ile tunaita merkire. Hapa nitakuwa mkali. Saa mvua inanyesha, mchimbaji anaona vizuri aingie nyumbani, achome dhahabu yake juu ya mbabula ao katika kijiko, mama anageuza sombe pembeni, mtoto anaangalia. Moshi wa zebaki hauumi macho, hauna harufu. Unaingia katika mapafu, unafika ubongoni. Kwa mtoto mdogo na kwa mimba ni mbaya zaidi. Na hauishi siku ile: unaganda juu ya bashi, juu ya nguo, juu ya sufuria, na nyumba ikipata joto unarudi hewani. Bashi iliyotumika kuchomea dhahabu si bashi ya kulalia tena, hata ukiifua mara kumi. Ukinunua bashi ya zamani kutoka kambini, uliza kwanza ilikuwa inafunika nini. Na dhahabu ichomwe nje, mbali na nyumba, kwa kifaa kinachofungwa na kurudisha zebaki kama kinapatikana.

Nilisema swali la mwisho linapita yote. Tufike.

PDG anapofungua shimo analisha ekipe, anatoa vifaa, anatoa bashi. Yote inaandikwa katika kaye yake. Saa ya kugawanya, gharama zinatoka kwanza, kisha ndiyo mafungu. Hiyo ni mapatano ya kazi, tumeyakubali. Shida ni kwamba bashi iko katika ile kaye kama gharama, na siku unaondoka iko tena kama mali ya PDG. Imekatwa katika fungu lako mwezi wa pili, imekatwa katika fungu la mwenzako mwezi wa nne, na bado ni yake. Katika chimbo moja nililofanya kazi, nisilolitaja, bashi ile ile ililipwa na ekipe tatu zilizofuatana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeondoka nayo.

Kwa kijana peke yake, ni feza tu imepotea. Kwa mwenye jamaa ni zaidi. Bibi na watoto wakilala chini ya bashi ya PDG, utafanya nini siku shimo limeingia maji na unaona ni hatari kushuka? Utashuka. Ukikataa leo, usiku jamaa yako iko nje. Nimesikia watu wakubwa, wenye nguvu, wakisema waliingia katika shimo waliloliogopa kwa sababu ya paa. Mwenye bashi ndiye mwenye neno. Kwa hiyo bora bashi mbili zenu, hata nyepesi kidogo, kuliko hema zuri la mtu mwingine.

Kama hamna namna ila kuchukua ya PDG, ulizeni mbele ya ekipe: inakatwa mara ngapi, na ikikwisha kulipwa ni ya nani? Jibu liandikwe katika kaye yake na katika yenu, na tarehe. PDG wa haki hakatai. Na wekeni jina la mama, kwa rangi, upande wa ndani wa bashi, kwenye kona. Najua wanaume watanuna. Lakini mchimbaji akifia shimoni, vitu vyake vinahesabiwa upesi, na mjane anakuta kila kitu kilikuwa cha kambi, hata kile alichobeba mwenyewe toka Kisangani juu ya magoti yake.

Feza ya kununua itoke wapi? Sheria ya 2018 inataka mchimbaji awe katika koperative. Basi koperative itumike kwa kitu kingine zaidi ya kukusanya mchango. Bashi nzito kuko pia kwa roli, upana mita 4 na urefu mita 50. Roli moja inatoa vipande kumi vya mita 5: jamaa tano, bashi mbili mbili. Mama zetu wa soko wanajua likelemba tangu zamani, kila juma wanatoa kidogo, kila zamu mmoja anapokea. Likelemba ya jamaa tano ikianza mwezi wa kwanza, roli inanunuliwa kabla masomo hayajafungwa, na bei ya roli kwa mita ni vizuri kuibishania mkiwa watano kuliko ukiwa peke yako. Namba za bei siandiki, zinageuka kabla wino haujakauka.

Mwezi wa tisa watoto wakirudi masomoni, bashi nayo irudi. Ifueni matope kwa maji bila sabuni kali, ianikeni kivulini mpaka ikauke kabisa hata katika mikunjo, kisha mzungushe sawa mkeka, msiikunje kila mara pale pale maana pale ndipo itapasuka. Itundikeni juu, mbali na panya. Ile sehemu iliyochakaa, kateni, itafaa kukingia maji ya mvua.